Mwalimu Aliyeambiwa Aanze Upya

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye neno la leo nitawapa mfano. Msije mkatoka hapa mkasema mchungaji kapanda jukwaa la siasa. Ni mfano tu, ingawa ndani yake kuna chama.

Kulikuwa na chama kimoja chenye tawi katika mtaa wa pembezoni mwa mji. Mnaijua mitaa hiyo, ya nyumba za geti na michongoma iliyokatwa vizuri, watu wanatoka alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni. Watu wa huko hawana makelele. Hawavai fulana za chama wala hawabandiki picha ya mgombea ukutani. Lakini siku ya kura wanaoga, wanavaa, wanapanga foleni, na kwa miaka ishirini walikipa chama hicho kura zao hata bila kuombwa.

Mwenyekiti wa tawi alikuwa mtu mwema. Tawi alilianzisha yeye kwa miguu yake, geti kwa geti, na hakuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani. Baadaye wakaingia watu wenye moto, wakaleta desturi mpya. Mkutanoni husemi neno mpaka utoe salamu ya chama. Unasimama, unasema "Taa!", wenzako wanaitikia "Iwake!", ndipo unaruhusiwa kuendelea. Kuna ubaya gani hapo? Salamu ni salamu.

Jumamosi moja akasimama mama mmoja, mwalimu mstaafu. Kalvati la barabara yao lilikuwa limevunjika, na mvua ikinyesha watoto wa shule wanavushwa mgongoni. Akasema, "Hamjambo jamani. Nina swali kuhusu lile kalvati."

Katibu akamkatiza. "Mwalimu, salamu kwanza."

"Taa," akasema mama wa watu, kwa sauti yake ileile.

"Hatujasikia. Anza upya."

Akaanza upya. Watu wakacheka. Akaambiwa arudie tena, na mtu mmoja wa nyuma akasema, "Huyu katumwa huyu." Hapo ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mwalimu akaketi na swali lake. Mwenyekiti alimfahamu mama yule tangu siku ya kwanza ya tawi, lakini aliinama akasoma makaratasi yake. Nawauliza, angepungukiwa na nini kusema, "Mwacheni aulize"?

Mkutano uliofuata mwalimu hakuja. Majirani zake nao hawakuja. Hakuna aliyerudisha kadi, hakuna aliyegombana na mtu. Zilipobaki wiki tatu kabla ya uchaguzi wa mtaa, mwenyekiti alitazama viti vitupu, akaogopa, akaenda kugonga geti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwenyekiti. Karibu, chai ipo."

Akanywa chai. "Mwalimu, mmehamia kwa wale wengine?"

"Hapana. Kwa wale nako kuna salamu yao."

"Basi rudini kwetu. Bila nyie mtaa huu unanitoka, na mimi sina kingine."

"Nirudi nikaseme nini, baba? Nilikuwa na swali moja tu, na wewe ulikuwepo."

Mwenyekiti alimaliza chai, akashukuru, akaondoka.

Siku ya kura mwalimu alishinda nyumbani akifua. Jirani yake aliosha gari. Chama kikaanguka katika mtaa ambao hakikuwahi kushindwa. Jioni waliobaki wakakutana, katibu akasema, "Tumesalitiwa na watu vuguvugu. Taa!" Wakaitikia kwa nguvu kuliko siku zote. Mwenyekiti naye aliitikia, machozi yakimtoka. Watu walikuwa wachache mno, ila kelele ilikuwa ileile, na wengi wao hawakutambua hata kwamba wamepungua.

Naona mnatabasamu. Mnasema moyoni, wanasiasa bwana. Ngojeni.

Mwezi uliopita, wakati wa matangazo, alisimama mama mmoja hapa, safu ya nne. Alikuwa na neno. Mimi nikamwambia, "Bwana asifiwe kwanza, mama." Akasema polepole. Nikamwambia, "Hatujasikia, huyo Bwana amefufuka au bado yumo kaburini?" Mkacheka, na mimi nikafurahi kwamba mmecheka. Akarudia, kisha akaketi. Hakuna aliyemfuata nje kumuuliza. Sikumfuata hata mimi.

Juzi nimeambiwa na jirani yake. Mumewe alikuwa amelazwa, na alitaka tumwombee. Amezikwa Alhamisi. Wamemzika majirani, sisi hatukuitwa. Alhamisi hiyo tulikuwa humu ndani kwenye mazoezi ya mapambio.

Sisi hatujamfukuza mtu, na ndiyo maana tunalala vizuri. Tunamtaka mtu apaze sauti kama yetu kwanza, ndipo tumsikilize shida yake. Mtu uliyemfukuza anaweza kurudi kugombana nawe. Uliyemcheka harudi. Nimekwenda kwa mama yule nikapewa soda, tukazungumza habari za mvua, na nilipotoka nilijua kwamba huyu tumempoteza. Ningependa kuwaambia kuna namna ya kulirekebisha hili. Siioni.

Leo sitawasalimu mniitikie. Kama kuna mwenye neno asimame hivyohivyo alivyo, nasi tutanyamaza tumsikilize.

Hakuna?

Basi tuombe.