Sange Alivyowapanga Pimbi Kama Mafiga

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa jiwe!"

"Na juu ya jiwe?"

"Jiwe!"

"Na juu ya hilo jiwe?"

"Pimbi anaota jua!"

Eeh, hapo sawa. Nyinyi wa huko nyuma mnaitikia kama mnaumwa meno. Sogeeni motoni, maana hadithi yenyewe ni ya baridi.

Hapo kale, juu kabisa mlimani, waliishi pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mnene asiye na mkia, mkubwa kiasi cha sungura, makao yake ni mawe. Pimbi hao walijenga nyumba zao kwa mistari iliyonyooka kama shamba la mahindi. Na walikuwa na mila moja. Pimbi akikaa mlangoni hutazama pande mbili tu: juu kileleni au chini bondeni. Jirani akitazama juu, wewe tazama chini. Jirani akitazama chini, wewe tazama juu. Kutazama upande mmoja na jirani ilikuwa aibu, sawa na kutia mkono katika sahani yake.

Basi juu, chini, juu, chini, mlima mzima. Hakuna aliyegombana. Kipupwe kikifika, kila mmoja alitulia jinsi alivyo, akakakamaa, hageuki tena. Walijisifu sana kwa utulivu wao.

Aliyeupenda utulivu huo kuliko wote alikuwa Chui. Chui hakuja kutoka juu. Chui hakuja kutoka chini. Chui alikuja kutoka ubavuni, nya, nya, nya, akapita katikati ya macho yaliyoganda, akanyakua mmoja. Kila kipupwe alinyakua. Akamla mume wa Mama Pimbi. Akamla kaka yake. Sasa nyumba ya pembeni kabisa ilikuwa ya Mama Pimbi mwenyewe, na kila mtu alijua ni zamu ya nani.

Kwa Mama Pimbi aliishi mgeni, jina lake Sange. Sange ni kama panya, pua ndefu kama mrija, miguu kama njiti za kiberiti. Moto wa nyika ulimchomea makao, Mama Pimbi akamkaribisha, akamlaza ubavuni pake penye manyoya. Sange hakusahau.

"Mama," Sange akasema, "si ungetazama ubavuni tu, umwone akija?"

"Ubavuni? Mwanangu, watu watanionaje? Mila ni mila."

"Basi utaliwa."

"Nitaliwa," Mama Pimbi akasema, akakoroga uji wake.

Sange akaumia sana moyoni. Akayatazama mafiga matatu chini ya chungu. Figa la kwanza ni jirani wa la pili. La pili ni jirani wa la tatu. La tatu ni jirani wa la kwanza. Pua yake ikacheza, fyu, fyu, fyu. Akacheka peke yake.

Asubuhi pimbi waliposhuka malishoni, Sange akamwendea Chui.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Wewe huna hata nyama ya kukwama menoni. Sema upesi."

"Bwana, mkubwa kama wewe unahangaika kwa pimbi mmoja! Ukimnyakua analia, wenzake wote wanaingia mashimoni. Kwa nini usiwale wote?"

Mate yakamtoka Chui, churu, churu. "Wote? Kivipi?"

"Nyumba zao zimeachana mno. Tuzibane. Popote utakapotazama, nyumba tatu zikae kama mafiga. Ila usirukie mapema. Subiri watulie wote. Akibaki hata mmoja anayegeuka, atakuona, atapiga kelele, nawe utakosa wote."

"Nitasubiri. Na mawe yatabebwa na nani?"

"Mimi nina pua ya kuonyeshea. Wewe, Bwana, una mgongo."

Jamani, mnaiona akili hiyo? Kiumbe kisichojaza kiganja! Mimi nikimfikiria Sange huwa natamani nimpigie magoti. Chui akabeba jiwe, puu! Akabeba jingine, puu! Sange juu ya kichuguu: "Hapo, Bwana. Hapana, kushoto kidogo. Wewe kweli una nguvu!" Chui akisifiwa anabeba mawili.

Pimbi wakarudi, wakashangaa. "Ni kwa ajili ya baridi," Sange akawaambia. "Mmesogezwa mpate joto."

Ukungu ukashuka. Kipupwe kikaingia. Mama Pimbi akakaa mlangoni, akatazama juu. Jirani wa kulia akatazama chini. Akaja jirani wa tatu, ambaye sasa ni jirani wa wote wawili. Akatazama juu.

"We! Unatazama ninakotazama mimi!" akasema Mama Pimbi.

"Nisamehe, mama." Akageuka chini.

"We! Huko ni kwangu!" akasema jirani wa kulia.

"Sasa mimi nitazame wapi?"

"Basi nitageuka mimi, yaishe," akasema jirani wa kulia. Akageuka juu. Mama Pimbi akakasirika, naye akageuka chini. Kumbe nyuma yake yuko mwingine aliyekwisha kutazama chini! Huyo naye akageuka. Na wa nyuma yake akageuka. Geu, geu, geu, mlima mzima. Na kila anayegeuka kutoka juu kwenda chini, macho yake lazima yapite ubavuni.

Chui amejibana ubavuni, nyuma ya jiwe, na Sange kando yake anachungulia. "Sange, wametulia?"

"Bado mmoja tu, Bwana."

Baridi ikazidi. Masharubu ya Chui yakawa meupe. "Sange, wametulia?"

"Bado mmoja tu, Bwana."

"Yule yule?"

"Yule ametulia. Sasa ni mwenzake."

Baridi ikazidi. Mkia wa Chui ukashikana na mwamba. Meno yakagongana, ka-ka-ka-ka. "Sa-Sange, wa-wametulia?"

"Bado mmoja tu, Bwana. Utamwachaje mmoja?"

Na kweli, utamwachaje? Chui angetaka mmoja tu, pengine angebahatisha. Alitaka wote, akasubiri wote. Pimbi wakageuka mpaka miili ikapata joto. Chui akakaa kimya mpaka akawa gogo.

Ngojeni kidogo hapo. Mjukuu wangu Aikande anasomea mambo ya sumaku, akaniambia kwamba ndani ya baadhi ya mawe mna visumaku vidogo visivyoonekana, vimepangika pembetatu, na kila kimoja kinataka kumpa jirani mgongo. Vikiwa vitatu, haiwezekani. Vingine hutafuta namna ya kupatana. Vingine, baridi iwe kali namna gani, havitulii milele, na wataalamu wanavistaajabia mpaka leo. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hao ni pimbi." Akacheka mpaka akamwaga chai.

Tuendelee. Jua likachomoza. Mama Pimbi akawa anageuka kutoka chini kwenda juu, macho yakapita ubavuni. Akamwona! Maisha yake yote hajawahi kumwona Chui kabla ya kilio.

"Kriii! Chui! Chui yuko ubavuni!"

Vup! Pimbi wote mashimoni. Chui akataka kuruka, mguu ukakataa. Akataka kunguruma, ikatoka "nyau". Akajing'oa kwenye mwamba, akaanguka, biringi, biringi, biringi, mpaka msituni. Manyoya ya mkia akayaacha pale pale juu ya jiwe.

Mama Pimbi akatoka. Akayagusa manyoya yale kwa pua. Akalia, maana alimkumbuka mumewe. Kisha akamkumbatia Sange mpaka Sange akapotea kifuani.

"Mwanangu, sasa Chui amekwenda. Tuzirudishe nyumba kwenye mistari, tupumzike. Shingo zinatuuma."

"Sawa, mama. Ila siku mtakayotulia wote, nitumie habari mapema."

"Uje tushangilie?"

"Nije niwaage."

Jirani wa kulia alikuwa anatazama juu. Mama Pimbi akageuka chini.

Hadithi nimeitua hapo, juu ya jiwe. Aitakaye aibebe, asiyeitaka amsogezee jirani.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: kaeni vizuri na majirani zenu, kila mtu atulie mahali pake, msigombane hata kidogo, hasa wakati wa baridi. Funzo hilo si langu. Ni la Chui, na anawaombea kila siku mlifuate.