Dume wa Durmush

Nani abishe? Kondoo wa Karaman, kule Uturuki, ana mkia mnono kama mto wa kulalia. Durmush, mchungaji mwenye domo, alikuwa na dume mmoja tu wa aina hiyo, naye ndiye tegemeo lake. Aga Nazmi, tajiri wa bonde zima, akamtamani.

"Nipe huyo dume apande majike wangu wapya wa Karaman, la sivyo usikanyage tena malisho yangu!"

"Mchukue, Aga. Ila kuna neno..."

"Funga domo! Sitaki neno hata moja."

"Haya, bwana mkubwa. Nimefunga."

Msimu wa kuzaa ukafika, zizini kwa Aga kimya. Akamrudisha dume kwa hasira, akimburura kwa kamba.

"Mchukue tasa wako!"

"Hasara tupu, Aga. Nimlishe wapi?"

"Mlishe popote bondeni, mradi nisimwone!"

Wachungaji wenzake wakashangaa. "We Durmush, dume tasa, na hawa wana-kondoo wako aliowazalisha kabla ya kwenda kwa Aga je?"

Durmush akacheka. "Neno nililokatazwa ni hili: mkia wa jike wa Karaman ni pazia. Dume hapiti mpaka mchungaji asimame nyuma, aliinue."