Bi Kirukanjia na Asali ya Tindigani

Paukwa!
— Pakawa!
Niwape ya joto au ya baridi?
— Ya baridi, tutaifunika!
Na meno yakigongana?
— Tutacheka, yatanyamaza!

Haya, sogeeni basi.

Palikuwa na mlima mrefu, mrefu hasa, mlima ambao hata ukungu ukiupanda hupumzika njiani. Chini yake ulikuwapo msitu, na ndani ya msitu aliishi Bi Kirukanjia. Mnamjua? Yule mdogo kuliko panya, mwenye pua ndefu isiyotulia, nus-nus-nus, kutwa nzima. Alikuwa mjane mwenye watoto, na watoto wenyewe walikuwa wa kula sasa hivi, ukifumba na kufumbua wanalia njaa.

Katika msitu huohuo aliishi Bwana Nyegere. Huyo alikuwa na makucha kama majembe na ngozi isiyopenywa na jino. Haogopi nyuki, haogopi nyoka, na chui akikutana naye njiani alimpisha: "Pita, bwana mkubwa, pita." Tumbo lake halikujua neno "basi". Akiona yai la Kwale, husema, "Hili langu." Akiona mizizi ya Fuko, husema, "Hii yangu." Siku moja akaliona gogo la Bi Kirukanjia, gogo lililooza vizuri, limejaa funza, ndilo nyumba na ndilo jiko. Akalipindua, pu!

"Na hili langu."

"Bwana wangu, watoto watakula nini?"

"Wape maji. Maji mengi huvimbisha tumbo, watadhani wameshiba."

Bi Kirukanjia akawaita watoto. Akageuka, mtoto wa kwanza akauma mkia wa mama, wa pili akauma mkia wa wa kwanza, na wengine vivyo hivyo, wakaupanda mlima kama mnyororo. Wakapanda, wakapanda, miti ikaisha. Wakapanda, wakapanda, baridi ikaanza kuwatetemesha, te-te-te-te. Wakafika kwenye tindiga kubwa, ardhi chepechepe, mboji nyeusi iliyolowa miaka na miaka, ukiikanyaga inatikisika kama uji ulioganda. Funza hakuna. Panzi hakuna. Bi Kirukanjia akaketi juu ya kichuguu cha nyasi, machozi yakamlenga.

Hapo ndipo alipokiona. Kimea kidogo chekundu, kimejibana chini kabisa, vijani vyake kama vijiko vya mtoto. Kila kijani kimeota vinywele, na kwenye ncha ya kila unywele, tone linameta. Akaja mbu mmoja, zzzz, akatua anywe umande. Nata! Akavuta mguu. Nata! Akavuta bawa. Nata! Na vile vinywele, polepole, vikaanza kumkunjia.

"Alaa!" akasema Bi Kirukanjia. "Majani yanakula nyama! Hodi, ndugu mwindaji. Tugawane, una wageni."

Akatazama huku na huku. Kumbe tindiga lote limejaa vimea hivyo, na vimea vimejaa mbu, vinzi na vipepeo. Akavipa jina, vinasanzi. Watoto wakala. Kila kimea walikibakizia chake, kwa maana mama yao alisema mwenye nyumba halali njaa kwa sababu ya mgeni. Wakanenepa mpaka mikia ikawa mifupi.

Huko chini Nyegere akaumaliza msitu. Siku moja upepo ukamletea harufu ya watoto wanono. Akapanda mlima, akatokea pembeni ya tindiga, jua limewaka na kila kijani kinang'aa.

"Ehee! Watoto wanene! Wanakula nini hapa penye baridi?"

Moyo wa Bi Kirukanjia ukapiga ti-ti-ti-ti. Akawaza: nikimwambia, atakula chakula chetu, nisipomwambia, atatula sisi. Akaitazama pua ya Nyegere, akaona jinsi inavyoyaelekea yale matone.

"Asali, bwana wangu."

"Asali? Nyuki wako wapi?"

"Ndio uzuri wake. Baridi imewakimbiza nyuki, ardhi ikaona ijitengenezee yenyewe."

Nyegere akalamba kijani kimoja. "Inanata. Lakini haina utamu."

"Hii ya pembeni changa. Iliyoiva iko katikati. Mimi kwa miguu yangu hii sijaifikia."

Nyegere akaingia. Chwap, chwap. Tope likamfika magotini.

"Mbona nazama?"

"Ni uzito wa bahati, bwana. Mbele kidogo."

Chwap, chwap. Tope likamfika tumboni.

"Mbona nazama?"

"Ni uzito wa bahati, bwana. Mbele kidogo."

Chwaaap. Tope likamfika kifuani, akakwama. Akachapa miguu, akazidi kuzama. Akajipinda, vimea vikamganda kwenye manyoya, mbu nao wakaja wakagandia humo.

"Kitu kimenishika!"

"Tazama kile kijani mbele ya pua yako, bwana wangu," akasema Bi Kirukanjia kwa upole.

Kijani kilikuwa kimemnasa nzi. Vinywele vinamkunjia polepole, kama kiganja kinachofumba karanga. Macho ya Nyegere yakatoka pima.

"Kinamla!"

"Kinamla. Huanza kwa kushika, kisha hukunja, kisha hunyonya. Nzi huisha upesi. Wewe ni mkubwa, itachukua muda."

Kilichomshika ni tope, si kimea. Lakini nani wa kumwambia? Yule asiyeogopa nyuki, asiyeogopa nyoka, aliyepishwa na chui, akaanza kulia.

"Dada! Dada yangu, niokoe!"

"Leo nimekuwa dada?"

"Mama! Mama yangu mzazi!"

Bi Kirukanjia akaweka sikio kwenye kijani, nus-nus-nus, akatikisa kichwa kama anayesikiliza. "Vinasema nyama ya mnyang'anyi huvichefua akishataja alivyoiba. Acha kuchapa miguu. Lala kifudifudi, nyoosha mikono, tambaa taratibu, na kila ukitambaa, taja."

Nyegere akalala. "Mayai ya Kwale!" Chwap, akasogea. "Mizizi ya Fuko!" Chwap, akasogea. "Gogo la... la Bi Kirukanjia!" Chwap. Mwili uliolala hauzami upesi kama uliosimama, basi kila akitaja anaona kweli anaachiwa. Akataja, akatambaa, mpaka karibu na ukingo, maneno yakamwishia.

"Nimemaliza!"

"Vinasema bado. Kumbuka vizuri."

Nyegere akafumba macho. "Nilikula akiba ya mama yangu," akanong'ona, "nikamsingizia Fisi."

Chubwi! Akatoka. Hakuaga. Alishuka mlima amepambwa vijani vyekundu mgongoni, akaupita msitu bila kusimama, na msitu haukumwona tena. Bi Kirukanjia akaangua kicheko mpaka akaanguka chali, watoto wakamcheka mama, na jioni hiyohiyo mnyororo ukateremka kwenda nyumbani.

Sasa funzo. Wazee wametuusia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Na ya Bi Kirukanjia ilikuwa fupi kweli: aliteremka tu, akafika kwenye gogo lake, akaingia, akala, akalala. Nyegere, yeye siku ile alisema kweli tupu, na mpaka leo anatangatanga hana hata kibanzi cha gogo.

Kwa hiyo, wanangu, semeni kweli daima.

Hadithi yangu naiweka chini. Ikiwa tamu, lambeni. Ikinata, msinilaumu.