Kifungo cha Koti la Baba

Hebu fumbeni macho kidogo, muuone ua wa nyumba moja huko nyanda za juu. Ni asubuhi. Ukungu umelala juu ya majani, na harufu ya mvua ambayo bado haijafika imetangulia kuja. Majirani wachache wameketi mikekani. Mbele yao amesimama mtu aliyenyoosha mikono yote miwili, na mikono hiyo ni mitupu. Itazameni vizuri, kwa maana tutairudia.

Mtu huyo aliitwa Kapele, naye alikuwa na kifungo kimoja cheusi cha koti. Kwa kifungo hicho, kikombe cha bati na kibiriti, alifanya mazingaombwe yaliyowasahaulisha watu chai yao hadi ikapoa. Alifunika kifungo kwa kikombe, akafunua, hakipo. Akamwambia jirani afungue kibiriti kilichokuwa mfukoni mwake mwenyewe, na kifungo kilikuwa humo, kimejilaza kati ya njiti. Alikitoa ndani ya ndevu za mzee anayesinzia. Alikitoa ndani ya andazi ambalo mwenye nalo alikuwa bado hajaling'ata. Kisha alionyesha viganja, na watu wakacheka na kusema, "Mtupu! Mkono mtupu kama mtungi uliotoka kufinyangwa!"

Haukuwa mtupu. Alipokunjua kiganja, kifungo kilihamia nyuma ya mkono, kikabanwa kati ya vidole viwili, upande ambao hakuna aliyeutazama. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote.

Aliianza siku walipomzika baba yake. Kila mtu aliitwa kutupia udongo kaburini. Kapele, kijana wa miaka ishirini, alitupa kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulishika kifungo alichokikata kwenye koti la marehemu. Aliogopa kuulizwa, basi akajifunza kukificha. Watu walipomwona ana mikono myepesi wakafurahi, naye akafurahia furaha yao. Miaka thelathini ikapita. Alilima nacho, alikula nacho, aliamkia watu nacho. Mwishowe vidole vilikishika vyenyewe bila kuambiwa, hata usingizini. Baina ya vidole hivyo viwili pakabaki upenyo mdogo usiozibika, naye hakuujua.

Mama yake, Nakazwe, alikuwa mzee sana, na macho yake yalikuwa yamezimika. Alikuwa na kibuyu cha mbegu za ulezi ambazo yeye alipewa na mama mkwe wake, naye mama mkwe alipewa na mwingine kabla yake. Mwaka uliopita ugonjwa ulikuwa umemaliza ulezi wa kijiji kizima. Kibuyuni kwa Nakazwe zilikuwa zimebaki konzi mbili tu. Zikipotea hizo, hapakuwa na nyingine. Na katika nyumba ile mbegu haikuwekwa chini wala kutiwa chomboni siku ya kurithishwa. Ilitoka kiganjani ikaingia kiganjani.

Siku ile ya kurithishwa Kapele aliacha kikombe na kibiriti nyumbani. Alitaka kupokea kama mtoto anavyopokea kwa mzazi. Alinyoosha mikono, na majirani wakaona viganja viwili vyeupe kwa umande. Naye mwenyewe aliona hivyohivyo, akaamini.

"Mama, chunga huyo!" alidakia jirani mmoja, Mzee Sichone. "Ataupoteza ulezi hewani, kisha autoe masikioni mwa mbuzi."

"Wa mbuzi nitaula," akajibu mwingine. "Wa masikioni mwako, hapana!"

Wakacheka. Nakazwe naye akatabasamu, akaanza kumimina kutoka viganjani mwake. Ulezi ulishuka polepole, mwekundu, mwembamba, ukitoa sauti kama mtu anayenong'ona. Ukafika kiganjani. Haukukaa. Ukapita katika ule upenyo, ukadondokea vumbini, na kuku akaja mbio.

"Kapele, hapo umetuweza!" watu walishangilia. "Umeupeleka wapi?"

Lakini Kapele hakuwa amefanya lolote. Alitazama mbegu zikimtoka kama mtu atazamavyo mambo ndotoni, mguu unataka kukimbia nao haunyanyuki.

Mama aliisikia sauti ya mbegu ikigusa ardhi. Akaacha kumimina. Zilizobaki akazikusanya katika kiganja chake cha kulia, na kwa mkono wa kushoto akaishika mikono ya mwanawe kutoka chini, taratibu, kama mtu anayepapasa yai chini ya kuku anayeatamia. Mazingaombwe yote ya Kapele yalifanywa kwa ajili ya macho, na mama yule hakuwa na macho ya kudanganywa. Kidole chake kilifika nyuma ya mkono, kikakuta kifungo. Kikahesabu matundu yake manne. Alikifahamu. Yeye ndiye aliyekishona.

Hakumkemea. Mbegu moja moja zilikuwa zikimponyoka kiganjani. Akauliza, "Mwanangu, nikuwekee wapi?"

Kapele aliviamuru vidole viachie, navyo vikakataa. Alivisihi. Aliutazama mkono wa mama yake ukichoka, akamkumbuka baba yake, kicheko cha majirani, na miaka yote aliyosifiwa kwa mkono mtupu. Chozi lilimtoka mbele za watu. Kisha kitu kikalegea, kwanza kifuani, baadaye vidoleni. Kifungo kikaanguka vumbini kwa sauti ndogo sana.

Hakuna aliyecheka. "Kumbe kilikuwa hapo siku zote," Mzee Sichone alisema chinichini. Kuku akakidonoa mara moja, akakiacha.

Vile vidole viwili vikakutana, vikagusana ubavu kwa ubavu kama ndugu waliotenganishwa zamani. Mama akamimina. Ulezi ukatulia kiganjani. Haukuwa konzi mbili tena, ila ulitosha shamba dogo. Kapele hakuinama kukiokota kifungo, maana mikono yake ilikuwa imejaa.

Mvua ikaanza wakati uleule, nyepesi, bila radi.

Nanyi, siku mtakapokinga mikono yenu kupokea, na kila anayewatazama akaapa kwamba ni mitupu, nawaombeni mkumbuke jambo moja tu: swali la mama yule, alilouliza kwa upole huku mbegu zikimponyoka.