Daraja la Wadihamra na Mjane Aliyenyimwa Eda

Kwaa! Ulilia mlio mmoja tu usiku ule juu ya bonde la Wadihamra, kama mfupa wa jitu uvunjikapo, na haukufuatwa na kilio wala mbwa kubweka. Na Bi Shekuwe, aliyekuwa macho akimngojea mumewe arudi na punda wake kutoka kusaga mtama ng'ambo, akaketi kitandani, mkono kifuani, kwani alijua ni daraja.

Na zama hizo Wadihamra lilikuwa jimbo la mbali la Sultani Ghalibu bin Shamlani, mwenye enzi katika mji wa Nurulbahri, na liwali wake hapo alikuwa Fadhluni, mtu wa kilemba kikubwa na ulimi wa asali. Liwali huyu alikuwa na pete ya akiki, na mtumwa wa pete alikuwa jini aitwaye Sarsari, ambaye akiambiwa jenga, hujenga kabla alfajiri haijapasua. Akajenga shule, na akajenga birika la maji, na akajenga nyumba ya wagonjwa, na kwa kila jengo jipya mzinga ulipigwa Nurulbahri na Sultani akasema, "Jimbo la Fadhluni laendelea!" Lakini mzinga haukupigwa kwa paa lililozibwa, wala kwa birika lililopakwa chokaa baada ya masika, basi hapakuwa na aliyeziba wala aliyepaka. Na wazee walipokwenda kumwambia liwali kuwa nguzo ya kati ya daraja ina ufa, na kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, alicheka mpaka kilemba kikamwenda upande.

"Ndivyo, wazee wangu! Na ukuta ndio upigiwao mzinga. Ufa nani ataupigia?"

Kulipokucha Bi Shekuwe aliteremka bondeni, na akaliona daraja limesimama, jeupe, linanuka chokaa mbichi. Na chini penye mawe alikuwako punda, amekufa, na gunia la unga limepasuka ubavuni mwake. Mumewe hakuwako. Nguzo mpya ilikuwa imepandwa pale pale ilipoangukia ile ya zamani.

Akaenda kwa kadhi kuomba hitima isomwe naye akae eda. Kadhi akamtazama tarishi wa liwali aliyesimama mlangoni.

"Eda ya nini, binti yangu? Daraja halikuanguka. Si lile pale?"

"Na mume wangu, sheikh?"

"Kasafiri."

"Kasafiri wapi, na kanzu yake ya safari imo sandukuni?"

"Alikokwenda," akasema kadhi, akainamisha macho.

Na jioni ikapigwa mbiu kwamba atakayelitaja jina la msafiri yule pamoja na majina ya wafu atatiwa gerezani, na gereza nalo lilikuwa jipya. Watu wakafunga vinywa. Na wanawake birikani wakamtania, "Bi Shekuwe, bwana akirudi aniletee leso!" Na wengine wakacheka, na wengine wakajitia kuchota maji. Naye mwenyewe hakuweza kulitaja, maana kwa adabu ya watu wa Wadihamra mke halitamki jina la mumewe. Tangu siku ya arusi alimwita "Mwenyewe", basi. Ndivyo jina lile lilivyokosa mdomo wa kuishi.

Siku moja, jua la utosi, akashuka chini ya daraja, na akamkuta Sarsari amejikunyata kivulini, chokaa imemganda mpaka viwikoni.

"Wewe ndiwe uliyejenga juu ya mume wangu," akasema.

"Ndimi. Nilimwambia bwana wangu, kuna mtu chini, bado anapumua. Akasema, 'Jenga, kunakucha.'"

Bi Shekuwe akaiwekea nguzo kiganja. Jini akasema tena, "Nguzo iliyopandwa juu ya mtu asiyezikwa husimama maadamu jina lake halijatamkwa mbele ya mwenye nchi. Likitamkwa, nguzo itamrudisha, nami nitafunguka. Nimechoka, bibi. Miaka yote hii nimeambiwa jenga. Sijapata kuambiwa tunza."

"Basi litamke wewe!"

"Jini hana ulimi kwa jina la maiti."

"Na mie je? Jina la Mwenyewe? Sijapata kulitamka, hata chumbani!"

Sarsari akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha huzuni.

Hata Sultani Ghalibu akaja kuyaona maendeleo, na akatandikiwa busati ukingoni mwa bonde, na daraja likaachwa tupu ili alitazame vizuri. Fadhluni akasimama, akasema, "Maulana, mwanga wa nchi! Palipokuwa na ujinga pana shule, palipokuwa na kiu pana birika, na daraja hili, kwa baraka zako, halijapoteza hata kuku!" Vigelegele vikapigwa, na Sultani akavua joho lake amvishe.

Ndipo Bi Shekuwe akapita katikati ya watu, amevaa nguo nyeupe za eda alizokatazwa.

"Una haja gani, mama?" akauliza Sultani.

"Haja yangu ni kulia, maulana."

Mawaziri wakacheka. "Na kulia nako kwahitaji ruhusa ya Sultani?"

"Katika jimbo hili, ndiyo."

Kicheko kikakatika. "Maulana, usimsikize," akasema Fadhluni. "Mumewe kasafiri, na akili imemfuata."

Sultani akalishika joho lisimtoke mkononi. "Mumeo ni nani?"

Hekaya nyingine huishia kwa arusi na mali. Hii arusi yake ilikwisha zamani, na mafunzo yake, kwa ayatakaye, ni kwamba jengo la wote lisilotunzwa huwa kaburi la mmoja wao. Bi Shekuwe akalitazama daraja, na akamtazama liwali, aliyekuwa akiizungusha pete kidoleni, na pete, ijuayo kujenga tu, haiitiki. Akafunua ushungi.

"Mwenyewe," akaanza, kwa mazoea, na akasita, na midomo ikamtetemeka kama ya bibi arusi. Kisha akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo:

"Mwinyihatibu. Mwinyihatibu bin Shee."