Nani Atalimbua Pepeta ya Kolongwe?

Paukwa!

— Pakawa!

Mnaitikia kama watu walioshiba. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa kinu, pakawa mchi, na mwenye njaa kakaa katikati. Mtanisikiliza?

— Tutakusikiliza!

Basi sogeeni. Wewe wa nyuma acha kutafuna, hadithi hii ina chakula chake ndani.

Zamani, zamani zile watu walipohesabu miaka yao kwa nzige na mafuriko, palikuwa na mji ukiitwa Kolongwe. Watu wa Kolongwe walilima mpunga. Mpunga ukianza kugeuka rangi, si mbichi si mkavu, walikata kidogo, wakaukaanga, wakautwanga, wakaupepeta. Wakapata pepeta. Pepeta ya mpunga mpya, kwa nazi, kwa sukari kidogo! Haya, mezeni mate tuendelee.

Lakini mji ule ulikuwa na mila yake. Hakuna kutia punje kinywani mpaka mkubwa wa wote alimbue, yaani aonje wa kwanza. Mkubwa wa umri, si wa mali wala wa cheo. Awe mwenyeji, awe mgeni, awe mpita njia aliyeomba maji. Maadamu siku hiyo yumo mjini na hakuna anayemzidi miaka, kigoda ni chake. Akikaa juu ya kigoda ndiye husema, "Leo tunakula." Asiposema, hakuna kula.

Mwaka huo njaa ilitangulia mavuno. Watu walikula mizizi, wakala majani, mwisho wakabaki kula maneno. Mpunga ukageuka rangi, na ndege wakaja, kundi kwa kundi. Na Mzee Tamimu, mkubwa wa mji, alikuwa amefariki wakati wa masika. Kigoda kikawa kitupu.

Sasa mjue Bi Mkasi. Bi Mkasi alikuwa mkunga. Nusu ya mji ilipokelewa kwa mikono yake, na nusu nyingine ilizaliwa na hao aliowapokea. Kiunoni hakukosa mkasi wa chuma alioachiwa na mama yake, mkasi mkuukuu uliovunjika ncha moja. Ilivunjikaje? Hakuna aliyejua, naye hakuwahi kumuuliza mama yake alipokuwa hai. Akipita njiani, kila mtu humwambia, "Shikamoo, Bi Mkasi!" Naye hujibu, "Marahaba! Marahaba! Marahaba!" mpaka shingo inamchoka. Lakini yeye mwenyewe, tangu Mzee Tamimu azikwe, hakuwa na wa kumwamkia. Asubuhi alikuwa akifungua mlango, "shikamoo" iko mdomoni, na wa kumpa hayupo. Neno hilo lilimpa upweke, asiwaambie watu.

Siku moja akamkuta kitukuu chake, Zaina, analamba mwiko mkavu. Mwiko mkavu, jamani! Bi Mkasi moyo ukamuuma. Akasema, "Hapana. Mpunga uko shambani, ndege wanashiba, na watoto wanalamba miti! Kigoda kipate mtu, na kipate leo."

Akaenda kwa Jumbe Mwinyimvua. Jumbe huyo alikuwa kijana, ndevu zake ungezihesabu ukiwa unatembea, na ujumbe ulikuwa haujamzoea. Akapigisha mbiu. Na mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Watu wakajaa uwanjani, pale wanapopuria mpunga.

Jumbe akauliza, "Nani mkubwa wa wote?"

Akasimama Mzee Pazi. "Mimi! Nilizaliwa mwaka wa nzige."

Bi Mkasi akacheka. "Pazi mwanangu, kaa chini. Mwaka wa nzige mama yako hajavunja ungo. Wewe nimekupokea mimi, mwaka wa mafuriko makubwa, ulitanguliza miguu. Mama yako kwa uchungu aliniuma mkono. Kovu lake hili hapa, njoo ulisalimie."

Watu kwikwikwi! Mzee Pazi akakaa.

Akasimama Bi Somoe, anajikongoja na bakora. "Mimi basi! Nilizaliwa jua lilipopatwa mchana."

"Somoe! Wewe uliniletea vifaranga nilipoolewa mara ya pili, ulikuwa hujaota meno ya mbele. Na bakora hiyo ya mumeo, jana kaitafuta mji mzima."

Bi Somoe akaketi, bakora kaificha ndani ya kanga.

Akasimama wa tatu. Akasimama polepole, kama anayeinua mji mgongoni. Mzee Mbaruku! Ndevu nyeupe pe, mgongo umepinda. Huyu alihamia Kolongwe mwaka juzi kutoka ng'ambo ya mto. Na tangu ahamie, hakuna aliyemsikia akimwamkia mtu. Akikutana na mkubwa alikuwa akikohoa tu, "Kho! Kho!" mpaka yule mwingine aanze. Mjanja huyo, muwekeni akilini.

Mzee Mbaruku akasema, "Mimi nina miaka mia na ishirini. Nzige nawakumbuka, walikaa siku tisa. Mafuriko nayakumbuka, yalibeba nyumba arobaini. Jua lilipopatwa, nilikuwa tayari nimeoa."

Bi Mkasi akasema, "Unakumbuka makubwa tu, ndugu yangu. Makubwa husimuliwa. Mimi nzige sikuhesabu siku zao. Nakumbuka mama alinifunika ungo kichwani, na mguu wa nzige wa kukaanga ulinikwaruza koo, nikalia mpaka jioni."

"Mimi hukunipokea wewe," akasema Mbaruku. "Umewaumbua hao kwa kuwa uliwashika wakiwa wachanga. Haya, na wewe alikushika nani? Mkunga kapokea mji mzima. Mkunga wa mkunga yuko wapi? Leta shahidi!"

Bi Mkasi akawatafuta kichwani, mmoja mmoja. Ni kweli. Mama yake alikufa. Mkunga wa mama yake alikufa. Mzee Tamimu, aliyemwona akitambaa, naye alikufa. Aliona uchungu, wala si kwa sababu ya kigoda. Aliona uchungu kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja duniani wa kusema, "Huyu namjua tangu mdogo."

Mbaruku akaona mlango uko wazi, akaingia. "Basi kigoda ni changu. Na nasema hivi: hatuli leo. Tutakula baada ya siku kumi na nne."

Siku kumi na nne! Mnajua kwa nini? Mvua za kwanza ziliponyesha, wenzake walipanda. Yeye alilala. Shamba lake lilikuwa bado kijani kibichi. Na Kolongwe, siku ya pepeta, asiyeleta mpunga wa shamba lake huimbiwa wimbo wa mvivu, nyumba kwa nyumba, mpaka aone haya:

*Mvua ilipiga hodi, nani hakufungua?*
*Jembe liko uvunguni, mwenyewe ajinyoosha!*

Wimbo huo ndio alioukimbia. Kwa ajili ya wimbo mmoja, watoto walambe miko siku kumi na nne!

Jumbe jasho linamtoka. Akamtazama Bi Mkasi. Bi Mkasi akawaza. Zaina yuko mbele yake, kidole kinywani. Ndipo akasema kwa upole, "Mwenzangu kasema kweli, miaka inataka shahidi. Basi na ya kwake itafutiwe. Watu waende ng'ambo, wakaulize habari za kuzaliwa kwake."

Mbaruku akacheka. "Wakamuulize nani? Mtu wa miaka mia na ishirini, waliomjua wote wamekufa. Baba amekufa. Mama amekufa. Shangazi amekufa. Mtakuta makaburi!"

"Hata kaburi ni shahidi," akasema Bi Mkasi. "Watuonyeshe la mama yako, tujue limezama kiasi gani."

"Mto umejaa!"

"Ulijaa juzi. Leo asubuhi nimefulia pale, maji magotini."

Jumbe akapata nguvu. Akawatuma wanawake wawili wauza vyungu, wanaovuka mto ule kila gulio. Nendeni, akawaambia, ulizeni, rudini. Watu wakasubiri. Siku ya kwanza wakafukuza ndege. Siku ya pili wakafukuza ndege. Siku ya tatu sauti zimekauka, ndege hawaogopi tena.

Alasiri ya siku ya tatu, wauza vyungu hao! Hawako peke yao. Nyuma yao wanaume wanne wamebeba kitanda, na kitandani shuka, na ndani ya shuka kitu kidogo kama mzigo wa kuni. Wakakitua katikati ya uwanja. Mzee Mbaruku kasimama karibu na kigoda, ndevu zinang'aa.

Sauti ikatoka ndani ya shuka. Nyembamba, lakini kali kama ya mwenye nyumba.

"Mbaruku!"

Jamani, magoti ya Mbaruku yalikunjika yenyewe. Hayakumuuliza. Akajikuta chini, mikono mbele, na mdomo umeshasema:

"Shikamoo, mama!"

Lo! Uwanja ulilipuka. Watu walicheka mpaka Mzee Pazi akamwegemea Bi Somoe, na Bi Somoe akaiegemea bakora ya mumewe. Miaka miwili ya kukohoa, imemalizwa na neno moja! Njia ya mwongo fupi, lakini hii ilikuwa fupi kupita kiasi.

Shuka ikafunuka. Kibibi kimekunjamana, macho maangavu. Huyo ndiye Bi Mwanamtama, mama yake Mbaruku.

"Nimeletewa habari kwamba nimekufa," akasema. "Nikaona nije nisikilize matanga yangu. Mbaruku, wewe kitinda mimba wangu, huo unga ndevuni wa nini? Futa."

Mbaruku akafuta. Ndevu zikatoka kijivu.

Lakini mjanja hata akianguka huokota mchanga. Akainuka. "Sawa, jamani. Mkubwa si mimi. Basi ni mama yangu! Yumo mjini, mila inaruhusu mgeni. Mama, kaa kwenye kigoda, uwaambie hawa wasubiri siku kumi na nne."

Kicheko kikawakatika watu. Kumbe bado! Wakamgeukia Bi Mkasi. Jumbe akasema, "Bi Mkasi, wewe na huyu, mkubwa nani? Sema, mama. Ukisema ni wewe, mji wote utakuwa nyuma yako."

Angeweza kusema. Nani angempinga? Akamtazama Zaina. Kisha akasogea kitandani, ili aseme na yule kibibi ana kwa ana. Bi Mwanamtama hakumtazama usoni. Alitazama kiunoni.

"Mkasi huo," akasema. "Ncha moja haipo."

"Haipo."

"Nimeivunja mimi. Nilizaliwa hapa Kolongwe, nikaja kuolewa ng'ambo. Palikuwa na mwanamke jirani yetu anajifungua, mtoto katoka, wembe haujulikani uko wapi. Nikatumwa mbio kwa mshona kanzu nikaazime mkasi. Nilikuwa nimeanza kung'oka meno ya utotoni. Nikakimbia, nikajikwaa kwenye jiwe la kisimani, ncha ikakatika. Mshonaji akaukataa, akasema ununueni. Nilichapwa mimi, na mtoto akapewa jina la mkasi. Alikuwa analia huyo! Hajambo?"

Bi Mkasi alikuwa ameushika ule mkasi kwa mikono miwili. Maisha yake yote alijua kwamba jina lake ni la mkasi huo. Aliyekimbia kuuleta hakumjua mpaka siku hiyo. Aliulizwa mkunga wa mkunga yuko wapi, na shahidi ndiye huyu, amelala kitandani, anamuuliza hali. Machozi yakamtoka mbele ya mji mzima, wala hakuyafuta. Akapiga magoti kwa furaha, na neno lililokaa kinywani tangu masika likatoka.

"Shikamoo, dada!"

"Marahaba, mdogo wangu! Kumbe bado unalia."

Jumbe akasema, "Mkubwa amepatikana, na aliyekuwa wa kwanza kumshuhudia ni mshindani wake!" Wakamnyanyua Bi Mwanamtama, wakamkalisha kwenye kigoda. Mbaruku anamkonyeza mama yake: kumi na nne, mama, kumi na nne!

Bi Mwanamtama akatazama watoto wa Kolongwe, mmoja mmoja, shingo nyembamba. Akamtazama Zaina na mwiko wake.

"Leo tunakula!"

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Vigelegele hivyo viliwafukuza ndege wote kwa mara moja.

Wakaleta pepeta. Bi Mwanamtama akatia kidogo mdomoni, akamung'unya, akatema. "Sina jino hata moja. Mbaruku! Ulipokuwa huna meno nilikutafunia mimi. Shika mchi, uitwange mpaka iwe laini kama huo unga uliopaka ndevuni. Na usichoke kabla wenzangu wote vibogoyo hawajapata."

Mbaruku akatwanga. Tii! Tii! Tii! Mchana kweupe, mbele ya watu wote, jasho linamchirizika. Na mama yake, juu ya kigoda, akaanza kupiga makofi na kuimba kwa sauti yake nyembamba:

*Mvua ilipiga hodi, nani hakufungua?*

Haya, nanyi mnajua jibu. Itikieni!

— *Jembe liko uvunguni, mwenyewe ajinyoosha!*

Hata Mbaruku mwishowe alicheka, maana wimbo uliimbwa na mama, na mama akikuimbia huna pa kukimbilia. Mwaka uliofuata alipanda mvua ya kwanza, wengine wanasema alipanda kabla ya mvua.

Bi Mwanamtama hakurudi ng'ambo. Alikaa Kolongwe, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Mkasi. Kila kukicha Bi Mkasi alipita kwa watu wote, "Marahaba! Marahaba! Marahaba!", hasimami. Akifika nyumba ya tatu anasimama, anabisha mlango, anapiga magoti kama binti mdogo, na kusema shikamoo.

Mimi nimetwanga, nimepepeta, nyinyi mmekula. Wishwa wapeni kuku. Na aliye na mkubwa nyumbani, aamke asubuhi akamwamkie, kabla neno halijakosa mwenyewe.