Nani Atamsomea Mwanatumu?

Sogeeni mnisaidie kuamua, maana mimi imenishinda.

Palikuwa na watu watatu. Mbaruku aliweza kufufua kompyuta iliyokwisha kukatiwa tamaa. Zaitun alijua kuiamuru kompyuta kwa maneno machache ya kuandika, bila kubofya popote. Bi Nuru hakujua hata inawashwaje, lakini alimjua marehemu dada yake nje ndani.

Dada huyo alikuwa mtunzi. Kila bibi harusi wa mtaani alimtungia utenzi, na kabla ya kufariki akamtungia bintiye, Mwanatumu. "Usiusome mwenyewe," alimwambia. "Atakayeutoa humo kwenye kompyuta ndiye akusomee siku ya harusi."

Harusi ikakaribia, kompyuta ikazimika, isiwake tena. Mwanatumu alilia kama aliyefiwa upya.

Mbaruku akaifungua, akahangaika nayo, akayaokoa mafaili yote. Lakini yalirudi bila majina, tele, kila moja na namba tu.

"Tukifungua moja moja, harusi itatukuta hapa hapa," Zaitun alisema. Akaandika amri iitwayo head, inayoonyesha mistari kumi ya mwanzo ya kila faili. Mianzo yote ikateremka kwenye kioo. Mwanatumu akasogea kutazama. Loo! Kila utenzi ulianza kwa dua ile ile, neno kwa neno.

"Basi, utenzi wangu umepotea," Mwanatumu alisema.

Bi Nuru akacheka. "Mwanangu, mama yako hakumtaja bibi harusi kabla hajamaliza kumwomba Mungu, na dua yake ilikuwa ndefu. Uambieni huo mtambo usiwakatize watu dua!"

Zaitun akaandika tena: head -n 20, yaani mistari ishirini badala ya kumi. Safari hii, dua zilipokwisha, majina ya mabibi harusi yakajitokeza. Miongoni mwao:

Mwanatumu mwana wangu,
leo nakuaga kwangu.

Mwanatumu akaziba kioo kwa viganja, asisome zaidi. Utenzi ukachapishwa, ukakunjwa.

"Bila mimi mngesoma nini?" Mbaruku akauliza.

"Wewe uliokoa rundo la namba," Zaitun akamjibu. "Mimi ndiye niliyeziangaza."

"Mkaona dua tupu, mkakata tamaa," Bi Nuru akasema. "Nipeni nimsomee mwanangu."

Siku ya harusi wageni walikaa tayari kusikiliza. Karatasi ilikuwa mapajani mwa Mwanatumu, na wote watatu walikuwa wakimtazama. Aliwapenda wote, na hilo ndilo lililomuumiza. Sauti atakayoichagua ndiyo atakayoisikia kila atakapomkumbuka mama yake.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: mngekuwa yeye, karatasi ile mngempa nani?